Kidole Kwenye Paji la Shangazi

Asubuhi ile Kalolaine alimkuta Shangazi Lesieli katikati ya skrini, na jana alikuwa amemwacha juu kabisa, kona ya kushoto. Picha nyingine zote zilikuwa zimesogea pembeni zikamwachia nafasi, kama watu wanavyompisha mkubwa akiingia ukumbini.

"Bosi, umegusa kompyuta yangu?"

"Yako tangu lini?" Folau alijibu bila kuinua macho kwenye kamera aliyokuwa akiifuta. "Mimi na hiyo mashine tunasalimiana kwa mbali. Ndiyo maana nikakuajiri wewe, msomi."

Neno msomi alilitamka kama anayetema mbegu. Kalolaine alikuwa na digrii ya kutunza kumbukumbu, na miaka mitatu ya kubisha hodi kwenye ofisi za mji mkuu, Nuku'alofa, ambako kila mlango ulitaka uzoefu, na uzoefu wenyewe waligawiwa wapwa wa wakubwa. Digrii ikabaki ukutani inakula vumbi, mwenyewe akawa anakula maneno ya ndugu. Mwisho akaangukia hapa, kwenye kibanda cha kupiga video za mazishi na kuwarushia jamaa walioko ng'ambo, Auckland, walie kwa mbali.

Alipoanza, skrini ilikuwa aibu tupu. Njia za mkato, vile vialama vya kufungulia video, zilikuwa zimetapakaa kama dagaa waliomwagika sokoni, kila moja ina namba isiyojulikana na mtu. Mteja akipiga simu, Folau alitafuta mazishi yake mpaka mteja mwenyewe akamaliza kulia. Kalolaine akafuta zisizohitajika, akazipanga zilizobaki kwa vijiji, kisha usomi ukamponza: pale penye namba akaweka nyuso. Kila njia ya mkato ikabeba uso wa marehemu wake. Skrini ilikuwa ya kugusa. Ukitaka mazishi ya fulani, unamgonga fulani usoni, video inafunguka hapo hapo.

"Sasa hata mama yangu ataweza," Folau alisema siku ile, na kwa Folau hiyo ilikuwa medali.

Shangazi Lesieli, dada mkubwa wa baba yake, alikuwa amezikwa mwezi uliopita, kaburi likamwagiwa mchanga mweupe kama desturi. Kalolaine alimweka juu ya wote, akidhani ndiyo heshima. Binti wa marehemu, Toakase, alipiga simu kutoka Auckland karibu kila siku akiomba arushiwe tena kipande hiki, wimbo ule. Na kila alipopiga, Kalolaine alimgonga shangazi yake kwenye paji la uso.

Sasa alimburuta tena hadi kona yake. Kioo kilikuwa na joto la ngozi. Alipoinua kidole, kilinukia mafuta ya nazi yenye maua, yale wanayopakwa maiti kabla ya kufungiwa mikeka. Akanawa kwa sabuni. Akanawa tena. Harufu ikazidi kukolea, kana kwamba maji yalikuwa yanailisha.

Adhuhuri mvua ilianza. Mwanawe Losa, wa miaka miwili, alikuwa akicheza chini ya meza kama kawaida. Kalolaine akamega kiazi kitamu kwa vidole, akamlisha. Mtoto alimeza kipande cha kwanza. Cha pili kikakwama, akakitema, akashika shingo.

Kufikia saa tisa shingo ilikuwa imevimba. Daktari wa zahanati ya jirani alimulika kooni, hakuona kitu, akatoa dawa ya maji. Ile dawa ilitoka puani. Kesho yake mtoto hakumeza hata mate.

"Mpeleke hospitali kubwa," Folau alisema, sauti imeshuka.

"Nimetoka huko. Wanasema koo liko wazi. Wanasema mtoto hataki tu."

Nyuma yao, kwenye kompyuta ambayo spika zake zilikuwa zimechomolewa, mwanamke alianza kulia polepole, kilio cha kuvuta cha matangani, na Kalolaine alipogeuka alimwona Shangazi Lesieli amerudi katikati, uso wake umekua hadi ukubwa wa sahani na wengine wote wamebanana kwenye kingo, wamefumba macho, na hapo hasira na hofu zikampanda kwa pamoja, akamkimbilia, akaweka kidole juu ya paji lile ili alivute mpaka kwenye pipa la takataka, amfute, yaishe, lakini kidole kikanata kwenye kioo kama kilichotiwa gundi, na kadiri alivyokivuta kuelekea pipa ndivyo Losa mikononi mwa Folau alivyozidi kukoroma, midomo ikigeuka rangi ya zambarau, mpaka Folau akanong'ona, "Mwache, mwache, unamuua mtoto," naye akalegeza mkono na shangazi akateleza kurudi mahali pake.

Folau ndiye aliyemleta Mama Vaisiliva, mganga wa majani, mwanamke mnene aliyekuja amekasirika kwa sababu alikatizwa raga kwenye redio. Hakumtazama mtoto kwanza. Aliunusa mkono wa Kalolaine.

"Kwenye msiba wa huyu ulikaa wapi?"

"Nyuma, mama. Jikoni. Nilijifunga kiunoni mkeka uliochakaa kama wafiwa wa chini, nikapika na watoto wengine wa upande wa kaka yake."

"Kwa nini hukuingia kumbusu maiti?"

"Ni shangazi yangu. Mtoto wa kaka hagusi..."

"Malizia. Umesoma wewe."

"Hagusi kichwa chake."

"Basi akiwa hai ulimwogopa, akiwa jenezani ulimwogopa, halafu ukamtia kwenye kioo ukawa unamdonoa utosini kama kuku. Kisha kwa mkono huo huo ukamlisha mwanao." Mama Vaisiliva akaupiga ule mkono, akaushusha. "Mkono una mwiko. Kila utakachomlisha kitamkaba. Leo usiguse chakula, hata chako."

"Nifanyeje?"

"Umegusa kichwa, uguse nyayo. Kiganja kwanza, kisha mgongo wa mkono. Mwiko unarudi kwa mwenyewe kupitia miguuni. Haya, nionyeshe miguu yake."

Miguu haikuwepo. Picha ilikuwa imekatwa mabegani, na kwenye video nzima marehemu alifunikwa mikeka mpaka vidoleni. Folau aliirudisha mbele na nyuma, jasho likimtiririka.

"Kuna binti," mganga akasema. "Cheo cha mama yake kiko kwake. Nyayo zake zitatosha."

"Yuko Auckland."

"Nyinyi si mnazika watu mpaka Auckland kwa hiyo mashine? Basi mpigieni."

Toakase alipokea simu ya video akiwa kazini, kwenye ghala la matunda, nyuma yake masanduku hadi darini. Kalolaine alimweleza kwa sentensi zilizovunjika. Toakase hakucheka.

"Mtoto wa mjomba, ungeniambia mapema. Niweke simu chini, nivue mabuti. Usikate."

Picha ikayumba, ikaonyesha dari, ikaganda. Mvua ilipiga bati. Losa aliacha kukoroma, na huo ukimya ulikuwa mbaya kuliko mkoromo.

"Dada, harakisha," Kalolaine akasema. "Dada, tafadhali."

Skrini ikawa nyeusi. Kisha nyayo mbili zikaja zikajaza kioo kizima: pana, zilizopasuka visiginoni, na katikati ya vidole chembe za mchanga mweupe.

"Gusa," akasema mganga.

Kalolaine akaweka kiganja. Kioo kilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Akageuza, akaweka mgongo wa mkono. Kitu kilimtoka begani, kikashuka kiwikoni, kikapita vidoleni kama maji yanayomwagwa, na harufu ya mafuta ikakatika.

Losa akavuta pumzi, akalia. Mama Vaisiliva akampakata, akamtilia mdomoni kijiko cha tui vuguvugu kutoka kwenye bakuli alilokuja nalo. Akameza. Cha pili, akameza. Folau akaketi sakafuni, akajifunika uso kwa mikono.

"Ahsante, dada," Kalolaine alisema huku akilia. "Ahsante sana. Mtoto anakula."

Skrini ikawaka. Toakase alikuwa ameketi juu ya sanduku, ameinama, anahangaika na mguu.

"Haloo? Mnanisikia? Mtandao ulikatika wote. Nisubirini kidogo, kwa baridi hii nimevaa soksi tatu, hata ya kwanza sijaivua."

Mama Vaisiliva alikuwa amekiweka kijiko ndani ya bakuli, na bakuli juu ya meza, mbali. Losa, mapajani mwake, alikuwa ametazama juu, pasipokuwa na mtu. Akafumbua mdomo, akapokea, akatafuna taratibu, akafumbua tena.