Mshono wa Kavutha

Kila jioni Kavutha alipotoka shule aliosha vyombo, kisha akakaa kando ya cherehani ya mamake akijifunza kushona, katika nyumba yao mtaani Jericho. Mama huyo, Nthoki, alishona sare, na mara mojamoja alirekebisha vifaa vya klabu ya warukaji wa miamvuli, wale wanaojirusha kutoka ndegeni. Alhamisi hiyo Muasya, kijana mcheshi wa klabu, alileta ukanda wa kushonwa upya, ambao kazi yake ni kuvuta mwamvuli utoke mkobani.

"Jumamosi uangalie juu, fundi," Muasya alimtania Kavutha.

Mama alipokwenda Soko la Burma, alimwachia Kavutha mstari wa mwisho wa kushona. "Ni uzi wa nailoni tu, pamba hukatika, umesikia?"

Nailoni ikaisha katikati. Nje wenzake walikuwa wakimwita wakacheze kati, mchezo wa kukwepa mpira. Kavutha akatia uzi wa pamba wa rangi ileile, akamaliza chapuchapu, huyoo akatoka mbio. Mama aliporudi alitia sahihi kwenye kadi ya ukaguzi bila kukagua.

Jumamosi mwamvuli wa Muasya haukufunguka. Wa akiba ulifunguka akiwa ameshafika chini mno. Muasya akafa.

Jirani yao Nyamai, aliyeukunja mwamvuli huo, akakamatwa. Siku tatu Kavutha aliufikiria ule uzi wa pamba. Kila alipofumba macho alimwona Muasya akicheka.

Siku ya nne Inspekta Wekulo alikuja na ukanda ule. "Mama Kavutha, mshono umefumuka. Ulitumia uzi gani?"

"Nailoni, afande. Kama siku zote."

"Basi huenda Nyamai aliuharibu akikunja."

Kavutha alijua akinyamaza, Nyamai atafungwa. Akapiga moyo konde.

"Ni mimi, afande! Nailoni iliisha, nikatia pamba. Nilitaka kwenda kucheza."

Mama alimgeukia Inspekta. "Sahihi ni yangu," alisema polepole. "Andika mimi. Nilisema nimekagua, na sikukagua."

Jioni hiyo Nyamai aliachiliwa. Kesho yake Mama Nthoki, akisubiri kuitwa mahakamani, alimshika Kavutha mkono wakaenda kwa mamake Muasya. Walimweleza yote. Mama yule alilia mpaka sauti ikamkauka, na Kavutha akalia naye.

"Una miaka mingapi?" aliuliza hatimaye.

"Kumi na miwili, mama."

"Kazi ikikushinda, mwanangu, sema imekushinda. Umesema, na Nyamai yuko kwake. Ungesema Alhamisi, Muasya naye angekuwa kwake."