Madirisha ya Mzee Gundi

Mzee Gundi alikuwa fundi viatu. Tangu afiwe na mkewe, aliishi ghorofani na binti yake na mjukuu wa miaka minne. Madirisha yao yalikuwa ya vioo viwili viwili, lakini kila asubuhi yalichuruzika maji. Kuta zikaota kuvu nyeusi. Mtoto akawa anakohoa.

Siku moja binti alimwambia baba yake kwamba amepata chumba kwingine. Kitakuwa wazi baada ya miezi mitatu, na hapo atahama na mtoto.

Mzee hakulala vizuri tena. Aliilaumu ofisi ya nyumba iliyowapangisha. Wakubwa wao, alisema, wanalala pakavu. Alikwenda kulalamika mara tatu, wakamwambia asubiri. Akasubiri mpaka benchi likamchoka.

Jirani yao mmoja, mama fundi vioo, alileta kiatu kitiwe soli. Mzee akamwaga ya moyoni. Yule mama akaomba kuyaona hayo madirisha.

Chumbani kwa mtoto alikipangusa kioo kwa ndani, kisha kwa nje. Ukungu haukutoka.

"Hili ni la ofisi, baba," alisema. "Maji yako katikati ya vioo viwili. Ile gundi ya kingoni imeachia. Hata upanguse mpaka kesho, hayatoki. Watabadilisha kioo tu, fremu inabaki."

"Si nilisema?" Mzee akavimba kichwa.

"Ngoja kwanza."

Alikwenda sebuleni, akapitisha kidole kwenye kioo. Kidole kikalowa. Haya maji yalikuwa ya humu ndani. Akatazama juu ya fremu, kwenye matundu ya hewa. Yote yalikuwa yamezibwa kwa vipande vya ngozi, vimebandikwa safi kama soli mpya.

"Nani kafanya hivi?" jirani aliuliza.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Miezi yote hiyo baba yake alikuwa akimwambia kwamba ofisi ndiyo iliyojenga nyumba isiyopumua.

Mzee alikohoa kidogo, akamgeukia binti. "Ni mimi, mwanangu. Niliogopa baridi itampata mtoto."

"Umeifunga nyumba kama buti la mvua," jirani alisema. "Mguu ukikaa humo kutwa, unafanyaje?"

"Unatoka jasho."

"Basi na nyumba ni hivyo hivyo."

Akawaeleza kwamba pumzi zetu, mvuke wa sufuria na nguo mbichi hutia unyevu hewani. Ukikosa pa kutokea, hugusa kioo baridi ukawa maji. Matundu yaachwe wazi. Sufuria zifunikwe. Dirisha lifunguliwe kidogo baada ya kupika, na nguo zianikwe nje. Kuvu isuguliwe kwa maji ya sabuni, mtoto akiwa chumba kingine. Kuhusu kile kioo kibovu, waandike barua na kubaki na nakala.

Mzee alichukua kisu chake cha kazi, akabandua ngozi zote jioni ile ile. Binti aliandika barua. Ofisi ilijikokota kama kawaida yake, lakini safari hii barua ilikuwepo, na kioo kikabadilishwa.

Kuta zilikauka. Kikohozi kikapungua, kisha kikaisha.

Miezi ile mitatu ilipokwisha, binti alimpigia simu mwenye kile chumba, akamwambia atafute mpangaji mwingine. Mzee alikuwa jikoni, akasikia kila neno. Akajifanya ana kazi nyingi ya kufunika sufuria, na sufuria yenyewe tayari ilikuwa na mfuniko.