Mkanda wa Sita

Mikanda ya filamu ile ya kutisha ilikuwa mitano. Binti yangu Lorna, aliyekuwa akiionyesha kila Oktoba katika sinema ya mtaa wetu hapa Ohio, aliihesabu Jumamosi ile mchana akakuta sita. Wa sita ulikuwa umelowa, unanuka tope la ziwa.

Kama alivyonisimulia baadaye, akamwonyesha mzee Stroud, aliyeitengeneza filamu hiyo, mgeni wetu wa heshima.

"Huu niliuchoma kwa mikono yangu," mzee alinong'ona. "Humo Jolene, mwigizaji wangu mkuu, anamshinda muuaji, anabaki hai. Nilipomfuma na mpenzi wake, mwanamke mwenzake, nikaukata. Nikamwacha afe ziwani kwenye filamu. Nikaeneza habari zake, hakuna aliyempa kazi tena, mpaka kaburini. Tupa!"

"Mimi nilijijua kwa kumtazama yeye," Lorna alisema polepole.

Mzee akacheka. "Kumbe na wewe! Baba yako shemasi anajua? Tupa, binti, au nimwambie mbele za watu."

Lakini Lorna hakutupa. Aliupachika mashineni, ufuate wa tano.

Jioni ile mimi nilikuwa ukumbini na bisi zangu. Desturi yetu, muuaji akimnyemelea mtu, ukumbi mzima hupiga kelele: "Nyuma yako!" Mkanda wa tano uliisha, Jolene kalala majini, maiti. Ghafla harufu ya tope ikatukaba, maji yakaanza kudondoka, tone, tone, na kwenye pazia la sinema Jolene akafumbua macho, akainuka, akaokota mundu uliomuua, akaja, akaja mpaka uso wake ukajaza pazia, kisha pazia likabaki jeupe tupu, na nyayo za maji zikasikika zikipanda ngazi kuelekea kiti cha mzee Stroud.

"Nyuma yako, babu! Geuka!" tulipiga kelele, safari hii kwa kilio.

"Mnanitania, nyie!" Akatupungia mkono, anacheka, wala hakugeuka.

Taa zilipowaka, kiti kilikuwa kimelowa. Hakuna mtu.

Lorna akashuka kutoka chumba cha mashine ameshikana mikono na Marcy, muuza tiketi. "Baba, huyu ndiye wangu."

Nikafungua kinywa nikemee, kama nilivyozoea kanisani. Lorna hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

"Karibu nyumbani, mwanangu," nikamwambia Marcy.

Mungu anisamehe, ni hofu iliyosema, upendo ulichelewa. Usiku nilipovua shati, kola ilikuwa imelowa, inanuka tope.