Daftari Safi la Nyumba Kumi

Kwa siku kumi na mbili watu wa nyumba kumi walikunywa maji yenye uchafu wa choo, na hakuna aliyekuja kuwazuia. Aliyepewa kazi ya kutoa taarifa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye mwandiko mzuri kuliko wenzake wote darasani. Wagonjwa walikuwepo. Daftari lake lilisema hawapo.

Walimwita Kalamu. Bibi yake, aliyemlea, ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakukosa kipande cha penseli nyuma ya sikio. Waliishi wawili katika nyumba ya tatu ya safu ya nyumba kumi, nyuma ya karakana ya maseremala. Mbele ya safu kulikuwa na kisima kimoja chenye pampu ya mkono. Nyuma ya kisima, upande wa juu kidogo, kulikuwa na choo cha shimo cha watu wote. Kila asubuhi Kalamu alipampu ndoo mbili, akafagia, akanywa chai, akaenda shule.

Siku moja alikuja shuleni dada mmoja kutoka chuo cha afya, mwembamba, mwenye viatu vyenye tope na begi la chupa ndogo. Alisema anafanya utafiti wa maji na vyoo mtaani. Akachagua wanafunzi sita, kila mmoja nyumba kumi, akawapa madaftari yaliyopigwa mistari.

"Kila jioni mtabisha hodi kila nyumba," alisema. "Mtauliza: kuna aliyehara tangu jana? Wangapi? Mtaandika. Asubuhi mtamkabidhi mwalimu, na mimi nitapita kusoma. Chupa zangu za kupimia maji ni chache, siwezi kupima kila kisima. Safu ikifika wagonjwa watatu, nitapima kisima chake siku hiyohiyo. Na mkiandika mtoto mchanga anahara, nitamleta nesi kabla jua halijazama. Waambieni wazazi hivyo."

Kalamu aliwaambia. Jumatatu ya kwanza alianza na nyumba ya fundi cherehani, aliyekuwa akishona barazani huku wateja wawili wakimngojea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Kalamu. Lete habari."

"Kuna aliyehara tangu jana?"

Mguu wa fundi ulisimama juu ya cherehani. "Umesema?"

"Kuhara, mjomba. Kuna aliyehara humu ndani?"

Wateja waliangua kicheko. Fundi naye akacheka, lakini masikio yalikuwa yamemwiva. "Siku nikihara nitakuandikia barua, nibandike na stempu. Haya, nenda!"

Nyumba ya tano mama mmoja alimfukuza kwa ufagio. "Mtoto gani huyu anayemuuliza mkubwa habari za tumbo lake? Adabu umeiacha shuleni?" Nyumba nyingine walisema "wazima" bila kumtazama. Ni Mama Pacha tu, wa nyumba ya saba, aliyemkaribisha. Alikuwa na mapacha wa miezi tisa, wa kike na wa kiume, mmoja kwapani na mmoja mgongoni.

"Sisi wazima, mwanangu, wote wanne. Andika vizuri. Wakiugua hawa, nitakuwa nimekwisha."

Nyumba ya tatu, kwao, Kalamu hakuuliza. Angeanzaje kumuuliza bibi yake jambo kama lile? Akaandika sifuri.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kulikuwa na mvulana waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na mahali pa kumzimia. Jumatano alisimama juu ya dawati. "Jamani, mpisheni Bwana Afya wa Chooni! Kalamu, leo umehesabu matonge mangapi?" Darasa zima lilicheka. Hata rafiki yake wa karibu alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

Alhamisi jioni Kalamu hakubisha hodi kwa mtu. Alikaa nyuma ya marundo ya mbao za maseremala, akafungua daftari gotini, akaandika sifuri kumi, za mviringo, zilizojipanga kama mayai kwenye trei. Kazi ya saa nzima iliisha kwa dakika tatu.

Usiku ule mvua kubwa ilinyesha. Shimo la choo lilijaa hadi mdomoni. Saruji inayokizunguka kisima ilikuwa na ufa, wote waliujua na wote waliuruka wakienda kuteka maji. Maji machafu yakaupata huo ufa, yakashuka.

Jumatatu iliyofuata watu walianza kuugua, lakini waliugua kimyakimya. Ukikutana na mtu njiani na kopo mkononi, unatazama pembeni. Hakuna aliyejua kwamba jirani yake naye ameamka mara tano. Kila mmoja alidhani ni tumbo lake peke yake, labda kiporo cha jana.

Kalamu aliendelea na sifuri zake. Jumatano alihofia kwamba sifuri zikizidi zitatia shaka, akaamua kumweka mgonjwa mmoja. Akamchagua fundi cherehani, amlipize kwa ule utani wake. Ilikuwa namba pekee iliyompata mgonjwa wa kweli katika daftari lile, na hata hiyo aliiandika kwa uongo.

Ijumaa yule dada mtafiti aliliinua daftari lake mbele ya darasa. "Tazameni kazi. Hakuna kufuta, hakuna doa." Redio akanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Kalamu alirudi nyumbani amenyoosha shingo.

Jumapili jioni Mama Pacha alimwita akiwa mlangoni. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala.

"Kalamu, mbona siku hizi hunipitii? Watoto wangu wanahara tangu jana, wote wawili. Wa kiume amekataa hata kunyonya. Andika, mwanangu, nesi aje."

"Sawa, mama. Nitaandika."

Alikusudia kuandika. Alikaa kitandani na daftari. Jumamosi na Jumapili zilikwisha kuandikwa sifuri, kwa wino. Kuandika wawili kulimaanisha kukata mstari, na kukata mstari kulimaanisha kuulizwa. Yule dada angekuja safuni, angebisha hodi nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mmoja angemwambia: huyu mtoto hatujamwona tangu wiki ile. Kalamu akalifunga daftari. Akajiambia watoto wachanga huhara wakiota meno.

Jumatatu asubuhi alilikabidhi. Kutwa nzima Mama Pacha alikaa mlangoni akitazama njia. Majirani walimwona, wakadhani anapunga upepo. Jioni hakuona mtu. Akasema moyoni, labda nesi ana kazi nyingi, atakuja kesho asubuhi.

Jumanne alfajiri yule wa kiume alikufa.

Saa nne yule dada mtafiti alifika, maana habari za msiba hazihitaji daftari. Alisimama kando ya wanawake waliokaa chini, akatoa kwenye begi daftari la Kalamu alilolichukua shuleni jana yake, akapekua kurasa. "Hapa imeandikwa hakuna mgonjwa," alisema taratibu. "Juzi hakuna. Jumamosi hakuna."

"Nilimwambia," Mama Pacha alisema. Sauti yake haikupanda. "Nilimwambia Kalamu. Ndiyo maana sikumpeleka zahanati. Nilijua mmeshaandikiwa, nikawasubiri."

Watu wote waligeuka. Kalamu alikuwa amesimama mlangoni kwao. Angeweza kukimbia, na miguu ilitaka. Badala yake aliongea, na maneno yakatoka kama mtu anayetapika.

"Sikuandika. Tangu Alhamisi ya wiki ya kwanza sikuuliza mtu. Nilikaa kwenye mbao nikaandika sifuri. Zote ni za uongo."

Mtu alisema achapwe. Yule dada hakumchapa. Alifungua ukurasa mpya, akampa kalamu. "Anza nyumba ya kwanza. Sasa hivi. Mimi nitasimama nyuma yako."

Kalamu alianza. "Shikamoo, mjomba. Kuna anayehara?"

Fundi cherehani hakuwa na utani. "Mimi. Wiki nzima. Na wanangu wawili."

Nyumba ya pili, wawili. Nyumba ya tatu alisimama mbele ya bibi yake, akauliza vilevile.

"Niandike," Bibi alisema. "Siku nne sasa. Wewe ulinionea haya mimi, na mimi nikakuonea haya wewe. Humu ndani tulikuwa wawili, na tulishindwa kuambiana."

Yule mama wa ufagio, nyumba ya tano, alitaja watatu huku akilia. Walipofika nyumba ya kumi, ukurasa ulikuwa na wagonjwa kumi na saba, marehemu akiwemo. Hakuna nyumba iliyokuwa ikijua kwamba kwa jirani nako kuna mgonjwa.

Adhuhuri pampu ilifungwa kwa mnyororo na kufuli. Yule dada alichota maji kwenye chupa yenye dawa ya kupimia, akasema yakigeuka meusi yana uchafu wa choo. Kesho yake yalikuwa meusi kama wino. Nesi alikuja na pakiti za chumvi za kuchanganya na maji, akaanza na yule pacha wa kike, akakaa naye hadi akakojoa, dalili kwamba maji yamemrudia mwilini. Wanafunzi walibeba maji ya bomba kutoka shule, na Redio alibeba ndoo nyingi kuliko wote. Maseremala walijenga choo kipya upande wa chini, mbali na kisima. Ufa ukazibwa, dawa ikatiwa, na baada ya wiki tatu mnyororo ukafunguliwa. Fundi cherehani alitundika kopo la maji na sabuni mlangoni mwa choo, akashona na mfuko wa kuitilia.

Siku ya kufungua kisima yule dada aliwakusanya wakubwa na watoto.

"Sitapamba maneno," alisema. "Kalamu alidanganya, na uongo wake uliua. Hilo atalibeba. Lakini mimi nilimtuma mtoto peke yake, nikasifu usafi wa daftari bila kubisha hodi hata nyumba moja kuhakikisha. Na nyinyi wazazi mlimcheka na kumfukuza, kisha kila mmoja akaliuguza tumbo lake gizani. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Tulioficha ni sisi, na kifo kikamchukua ambaye hakuficha kitu. Kwa hiyo ukiulizwa hali ya tumbo, jibu. Ukipewa kazi ya kuuliza, uliza. Na ukiandika, andika ulichokikuta, hata kama ni kibaya, hata kama utachafua daftari."

Kalamu aliomba aendelee na kazi. Mama Pacha ndiye aliyesema apewe. Kila jioni anabisha hodi nyumba kumi, na nyumba ya saba huipitia mwisho, kwa sababu bado hajui aangalie wapi akiwa pale.

Hesabu imebandikwa ukutani shuleni, kwa mwandiko wake. Siku za maji machafu, kumi na mbili. Sifuri za uongo, mia moja na tisa. Wagonjwa, kumi na saba. Waliopona, kumi na sita. Watu bado humwita Mama Pacha. Amebaki na mmoja.