Diski ya Mzee Tsai

Tegueni kitendawili hiki: ukiniaga natoka salama, ukining'oa bila kuniaga nakufa na siri zangu. Pei-Jung hakukijua siku alipopenya kwenye soko la kompyuta la Taipei, koti lake la njano likichuruzika mvua, kompyuta kifuani, diski ya nje ikining'inia kwenye waya. Akanyoosha mkono kuichomoa.

"Dada, acha hapo hapo." Aliyesema ni fundi Po-Kai, kijana wa mikono mirefu, aliyelaza pakiti ya kijani ya vitafunwa vya nazi juu ya mashine yake ili isimgomee, hirizi ya mafundi wa huko. "Taa inapepesa. Bado ina kitu mdomoni."

"Nimeiambia itoke, inajibu inatumika. Inatumiwa na nani, jini?"

"Tumtafute." Akafunga madirisha ya kompyuta moja moja, hadi akaikuta programu ya video imejificha nyuma. Alipoifunga, kompyuta ikairuhusu diski itoke. "Ingekataa, ungezima kompyuta kabisa, taa ife, ndipo uchomoe." Akaisikiliza diski kama mgonjwa. "Inakoroma hii. Niachie niinakili."

"Simwachii mtu nisiyemjua."

"Basi nijue."

Wakajuana, kwa bakuli za tambi za nyama na pikipiki yake isiyo na breki za maana. Pei-Jung akamweleza: baba yake, Mzee Tsai, alichezesha vikaragosi mbele ya mahekalu, akiwasemea wote mwenyewe, majemadari, mashetani na mabibi harusi. Kisha kiharusi kikamfunga ulimi. Sauti yake ilibaki kwenye diski ile tu, na Pei-Jung hakuthubutu kuisikiliza tena.

Mkoromo wa diski ukazidi. Pei-Jung akamkabidhi Po-Kai diski, akamwahidi baba yake kwamba usiku huo wataitazama kwake, wote watatu.

Jioni hiyo Pei-Jung akampigia Po-Kai simu. "Uko wapi, mpenzi?"

"Dukani, na diski yako. Subiri kidogo, moyo wangu..."

Nyuma yake msichana akacheka, laini, kisha akasema, "Usiniache peke yangu, bwana wangu."

Pei-Jung akakata simu. Alifika dukani na gauni lake la bluu limelowa hadi magotini.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Anayekuita bwana wake." Akaushika waya.

"Pei, taa inawaka, usi..."

Akachomoa.

Kicheko kikakatika katikati. Kwenye kioo kikaragosi cha bibi harusi kikaganda, mkono wa nguo nyekundu mdomoni.

"Huyo ni baba," Pei-Jung akanong'ona.

Po-Kai akairudisha diski taratibu. Ikagonga ndani, tk, tk, kama ukucha mlangoni. Kompyuta haikuiona. Akajaribu waya mwingine, mashine nyingine. Tk, tk. Kisha kimya.

"Ulikuwa umeshainakili?"

"Bado. Nilitaka kwanza nimsikie mkwe wangu."

Walipanda ngazi za nyumba ya mzee. Mlangoni Po-Kai akamzuia.

"Nitasema nimeichomoa mimi."

"Ukianza kunibebea uongo leo, utaubeba mpaka lini?"

"Mpaka tuzeeke. Kama utakubali kuzeeka na mimi."

Pei-Jung hakucheka. Aliufuta uso kwa kiganja, akaushika mkono wake kwa nguvu mpaka vidole vikauma.

"Nakubali. Lakini hili nitalisema mwenyewe."

Akasukuma mlango. Mzee Tsai alikuwa ameshaketi, televisheni imewashwa bila picha, viti viwili amevivuta kando yake.