Paleti ya Saba

Damiano aliacha paleti sita kwenye deski la taa. Aliporudi kutoka kula mchana, alizikuta saba.

Paleti ni kumbukumbu: huziambia taa zitazame wapi, na kila onyesho la igizo huifuata. Ukibadilisha moja, igizo zima linageuka. Ya saba haikuwa na jina. Aliibonyeza. Taa nane zikainama pamoja, zikatulia kwenye kona tupu ya jukwaa, usawa wa kichwa cha mtu.

"Melkior, umegusa deski?" alimuuliza msaidizi wake.

"Mimi, kaka? Mimi ni wa ngazi na nyaya tu. Hilo lidude lako hata kulipangusa vumbi naogopa."

Hakumwamini. Aliifuta paleti ile, akafunga deski, ufunguo akautia mfukoni, na akamtuma Melkior sokoni. Alipofungua tena, ya saba ilikuwepo, imesogea hatua mbili kuelekea katikati, pale ambapo kesho binti yake Eliza angesimama kama Bikira Maria. Na ukumbini, Mbinga hii ya milimani, mbali na ziwa, kulinuka tope la ziwa na dagaa wabichi, usipa. Alipima kwa utepe kutoka sakafuni hadi miale ya taa ilipokutana. Sentimita mia moja hamsini na nane. Kimo cha Otilia, mkewe, waliyemzika Mbamba Bay, kando ya ziwa, mwezi Juni.

Mama mkwe wake, Asteria, aliyekuwa akishona mavazi ya igizo, aliinusa harufu ile, akaweka sindano chini.

"Baba Eliza, mwaka huu nani alisimama jukwaani ulipopanga taa?"

"Hakuna, mama."

Miaka yote alisimama Otilia, na safari hii Damiano alipanga kwa kimo kile kile, kwa mazoea.

Asteria akautazama utepe mkononi mwake, akanong'ona. "Umeangazia nafasi tupu kwa kimo cha marehemu. Usidhani aliyekuja ni mwanangu. Hilo ni jini, limekuta pameandaliwa. Ngoja nimwite Eliza asimame, urekodi zote upya."

Akatoka. Muda si mrefu, binti wa shela ya buluu ya Bikira Maria akatokea nyuma ya pazia. Alisimama kwenye alama ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kuelekezwa, na Damiano akahifadhi, akahifadhi, hadi ya sita. Ya saba ikatoweka. Akashusha pumzi.

"Asante, mwanangu. Shuka."

Mlango nyuma ya Damiano ukafunguliwa.

"Shikamoo, baba. Samahani, bibi kanikuta bado nachota maji. Nisimame wapi?"

Jukwaani, yule wa shela aliinua uso taratibu, na taa zote nane, bila kuguswa, zikageuka kumtazama Eliza.