Utepe wa Mistari Myeusi

Kila mama alipotoka kazini, jambo la kwanza lilikuwa kunawa mikono hadi viwiko, hata kama alikwisha kunawa hospitalini. Binti yake alimtania kwamba iko siku ngozi itaisha. Mama alikuwa fundi wa chumba cha upasuaji. Yeye ndiye aliyepanga mikasi na visu mezani kabla daktari hajaingia, na ndiye aliyehakikisha kwamba kila kifaa kimetakaswa.

Mshahara wake ulikuwa wa kusukuma siku. Wenzake wengi walikuwa na kazi ya pembeni: mmoja alishona sare za shule, mwingine alifundisha huduma ya kwanza viwandani, mwingine alifuga kuku. Mama alilifikiria la kuku akaliacha, maana hata paka wa nyumbani alikuwa amemshinda. Akachagua kazi ambayo mikono yake iliijua. Daktari wa meno wa mtaa wa pili alikuwa ameharibikiwa na mashine yake ya kutakasia vifaa. Mama aliomba ruhusa kwa mkuu wake wa kazi, akanunua mtambo mdogo wa mvuke uliokwisha kutumika, akauweka jikoni. Tangu hapo akawa anaosha koleo za kung'olea meno, anazifunga kwa vitambaa na kuzipika kwa mvuke wa presha.

Kila kifurushi kilibandikwa utepe maalumu. Utepe mpya una mistari iliyofifia, ambayo ikipata mvuke mkali hugeuka kuwa myeusi. Daktari akiiona mistari myeusi hujua kwamba kifurushi kimepikwa, naye hukifungua bila wasiwasi.

Binti alikuwa darasa la sita, na watu wote walimwita Chapuchapu. Jina hilo alilipata kwa jasho lake: alikula haraka, aliandika haraka, na akifagia, nusu ya takataka ilibaki pale pale. Mama alimruhusu kukunja vitambaa na kupanga kikapuni vifurushi vilivyokwisha kukauka, basi. Sheria moja aliirudia mpaka ikamkaa binti kichwani: kifurushi kikidondoka au kikilowa, amwite, kianzwe upya, kwa sababu vijidudu hupenya kwenye kitambaa chenye maji.

Alasiri moja mama alirudi kutoka zamu ndefu akiwa hoi. Alivipika vifurushi, akavisubiri vikauke, kisha akajilaza. Alimwambia binti avipange kikapuni kabla msaidizi wa daktari hajaja kuvichukua. Nje watoto wenzake walikuwa wamekwisha kufunga kamba ya kuruka, wakimwita. Chapuchapu alibeba vifurushi vingi kwa mpigo, kimoja kikateleza, kikatua sakafuni kwenye maji aliyoyamwaga mwenyewe.

Alisimama akisikiliza. Mama alikuwa anakoroma. Kumwamsha kulimaanisha kuosha, kufunga na kupika upya, na mchezo ungekwisha. Alikifungua kifurushi, akaifuta koleo kwa upindo wa sketi, akaifunga kwa kitambaa kikavu. Lakini utepe mpya ungemsema. Basi akachakura kwenye debe la taka, akaokota utepe wa zamani wenye mistari myeusi, akaubandika kwa gundi yake ya shule. Msaidizi alipokuja alikichukua kikapu, akashukuru, akaenda zake. Chapuchapu aliruka kamba siku hiyo, ila kila mara kamba ilimnasa miguuni.

Kesho yake darasani palikuwa na ukimya wa ajabu, kwa sababu Kasuku, rafiki aliyekaa naye dawati moja, hakusema neno. Kwa kawaida hata mwalimu alikuwa akisubiri Kasuku apumue ndipo aendelee na somo. Leo shavu lilikuwa limevimba, naye alilishika kwa kiganja.

"Mchana mama ananipeleka kung'oa jino," alisema kwa shida. "Naogopa. Lakini si umesema mama yako ndiye anayesafisha vile vyuma? Basi afadhali."

Chapuchapu alijaribu kujifariji kwamba koleo aliifuta vizuri, kwamba vifurushi vilikuwa vingi, kwamba pengine daktari asingekichukua kile. Kila alipopata faraja aliliona lile shavu, na faraja ikamtoka. Hesabu zake zote alikosa. Aliona aibu kukaa karibu na mtu aliyekuwa akimwamini, akasogea hadi mwisho wa dawati. Kengele ya chakula cha mchana ilipolia alikuwa wa kwanza mlangoni, akakimbia nyumbani.

Mama alikuwa anavaa, tayari kwenda zamu ya mchana. Chapuchapu alieleza yote akiwa amesimama mlangoni, macho chini. Mama hakufoka. Aliketi polepole, na hilo lilimuumiza binti kuliko kofi. Kisha akapiga simu kwa daktari. Iliita mpaka ikakatika.

"Vaa viatu," mama alisema. "Utasema mwenyewe."

Walipofika, Kasuku alikuwa kwenye kiti cha daktari, mdomo wazi, mama yake akimshika mkono. Daktari alikuwa na kifurushi mkononi, anaanza kubandua utepe. Mama yake Chapuchapu alimwomba asubiri, akamgeukia binti. Chapuchapu alitamani sakafu immeze, lakini alisema: kifurushi kimoja kilianguka majini, hakikupikwa tena, na mistari ile ilikuwa ya utepe wa taka. Daktari alikigeuzageuza alichokishika. Pembeni palikuwa na gundi nyeupe iliyokauka.

"Ni hiki," Chapuchapu alisema, akaanza kulia.

Daktari aliuliza kama vingine ni salama. Ingekuwa rahisi kujibu ndiyo, lakini mama alitikisa kichwa. Alisema hakuwa macho vilipopangwa, kwa hiyo hana haki ya kuviapia, na akaomba avirudishe vyote akavipike tena. Mama yake Kasuku alipandwa na hasira. Alisema mtoto wake hajala tangu juzi na sasa aambiwe arudi kesho. Kasuku aliteremka kitini machozi yakimtiririka, akampita rafiki yake bila kumtazama.

Mama aliomba mwenzake amshikie zamu. Jioni hiyo waliosha na kufunga vifurushi vyote, kimoja kimoja. Mtambo ulipoanza kutoa mvuke, mama aliongea.

"Kosa la kwanza ni langu. Nilikuachia kazi isiyo ya mtoto kwa sababu nilichoka. Kuangusha si kosa, hata mimi huangusha. Lakini sikiliza, mwanangu. Mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi hawezi kutukagua. Amelala pale, ametuamini tu. Ukimdanganya mtu wa namna hiyo, umemdanganya asiye na namna ya kujilinda."

Binti aliuliza kama daktari ataacha kuwapa kazi. Mama alijibu kwamba hajui, na kwamba kwenda kusema ukweli kulikuwa lazima vyovyote iwavyo.

Jino la Kasuku liling'olewa kesho yake, na kidonda kikapona vizuri. Ilipita wiki nzima kabla hajaanza tena kuongea na Chapuchapu. Alipoanza, alianza na yote aliyoyaweka wiki hiyo, na Chapuchapu aliyasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Daktari naye alituma tena kikapu. Sharti lake lilikuwa kwamba mama asimamie mwenyewe hadi kifurushi cha mwisho.

Siku moja mama alikuwa akipanga vifurushi, binti akimletea kimoja kimoja kwa mikono miwili. Karibu na meza kimoja kilimponyoka. Sakafu ilikuwa kavu, na mama alikuwa amempa mgongo.

"Mama," alisema, "kimoja kimeanguka."

Mama aligeuka, akakiokota, akaubandua ule utepe na kuuchanachana. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini alitabasamu.

"Washa mtambo," alisema. "Sasa naweza kukufundisha kazi hii."